Chapati za Wakati wa Marufuku

Mokami alikuwa amepiga magoti jikoni, mkono umezama ndani ya gunia la unga mpaka begani, anatafuta kopo la mafuta. Lilikuwa kopo la bluu, na ndani yake mlikuwa na mafuta ya kupikia yaliyotoka ng'ambo ya mpaka. Wiki ya pili sasa, mtu wa ukoo wao akikutwa na kopo kama hilo pale kwao Nkende, alikuwa na kosa la kulipa fahali. Si mbuzi, jamani. Fahali.

Nchi yenyewe ya ng'ambo jina lake tuliache, maana kila mtu Tarime ana shangazi kule, na mashangazi siku hizi wana simu. Itoshe kusema kwamba ukisimama Sirari mpakani ukapiga chafya, wa kule wanakujibu "afya" kabla hujafuta pua.

Mambo yalianza kwa redio. Mume wa Mokami, Mzee Nchagwa, alikuwa na redio moja na hasira nyingi, na vyote viwili alivifungulia saa moja asubuhi. Siku hiyo redio ilisema kwamba huko mbali, kwenye mkutano wa nchi nyingi, nchi yetu ilimsimamisha mtu wake agombee cheo kikubwa, na jirani zetu wa ng'ambo wakampigia kura mtu mwingine. Cheo gani? Nchagwa hakusikia vizuri, jogoo aliwika. Lakini neno "wametupinga" alilisikia lote.

"Wametupinga!" aliwaka. "Watu tunaokula nao harusi! Watu wanaokunywa maziwa yetu!"

"Waliopiga kura si serikali, baba Kezia?" Mokami alisema huku akigeuza chapati. "Ndugu zako wa kule, kina Nashoni, waliulizwa?"

"Hata mimi sikuulizwa, na nimeumia!"

Angeishia hapo akanuna siku mbili, kama kawaida yake, leo tusingekuwa na la kusimulia. Vijana wa mjini nao walikuwa wamekasirika. Walikuwa wakirushiana kwenye simu picha za sabuni na biskuti za ng'ambo, zimechorwa msalaba mwekundu, chini pameandikwa "usinunue". Sasa hasira ya simu huisha na bando. Nchagwa lakini ni mtu wa zamani. Yeye alilipeleka jambo kwenye ritongo, baraza la ukoo, ambalo yeye mwenyewe ndiye mwenyekiti wake, na la ritongo halifutwi kwa kidole.

Walikusanyika Jumapili mchana, uwanja wa nyuma ya mashine ya kusaga. Nchagwa alisimama, akavua kofia, akasema kwamba kuanzia saa ile mtu yeyote wa ukoo wao asinunue, asile, wala asijipake kitu cha ng'ambo mpaka serikali ya kule ituombe radhi. Atakayevunja atalipa fahali, na fahali huyo ataliwa na baraza. Ukitaka sheria ipite haraka kwa Wakurya, itajie nyama mwishoni. Mikono yote ilipanda, mingine miwili miwili.

Aliyeuliza swali ni Sylvester peke yake, mwalimu mstaafu na katibu wa baraza, mtu asiyeweza kuona mstari bila kuupigia mwingine chini yake.

"Na ng'ombe?" aliuliza.

Watu wakakohoa. Wote walijua kwamba zizi la Nchagwa lilikuwa limejaa ng'ombe wa mahari ya binti yake, na kwamba ng'ombe hao waliingia kutoka ng'ambo Juni iliyopita, wanene, wakitembea kwa miguu yao.

"Hao waliingia kabla ya kura," Nchagwa alijibu. "Sheria hairudi nyuma."

Sylvester akaandika. Sheria ikawa sheria.

Mokami hakuwa na ugomvi na sheria. Alikuwa na tarehe. Jumamosi ya wiki ya tatu Kezia, kitindamimba wake, muuguzi, aliyekataa wachumba wawili wenye magari, alikuwa anaolewa na Gidion, fundi umeme mpole wa ng'ambo hukohuko. Asubuhi kanisani, na mchana ni nyumbani kwa kina Gidion. Na huko baba wa bibi harusi hawekewi soda akapunga mkono akaondoka. Anawekewa ugali na nyama, anakula bakuli moja na baba wa bwana harusi, watu wakiwatazama. Asipokula ameikataa nyumba, na nyumba iliyokataliwa na baba, binti haingii.

"Baba Kezia," Mokami alimuuliza jioni ya Jumapili ileile, "Jumamosi hiyo kwa wakwe utakula nini?"

Ilionekana wazi kwamba swali hilo halikuwa limepita karibu na kichwa chake.

"Nitabeba changu," alisema mwishowe.

"Kwenye hotipoti?"

"Kwenye hotipoti."

Mokami alicheka mpaka akashika mlango. Alimwona baba wa binti amekaa katikati ya wakwe, suti na tai, hotipoti ya maua mapajani. Alicheka machozi yakamtoka, halafu kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Alimpenda mumewe, lakini jioni ile angeweza kumpiga na mwiko.

Sasa, yale mafuta. Mokami alikuwa na kibanda cha chai na chapati kando ya barabara, na chapati zake zilijulikana mpaka stendi. Siku mbili za kwanza alitii sheria. Alipika na mafuta mengine, kwa moyo safi, na chapati zikipoa zikavunjika kama kigae. Bodaboda mmoja aliuliza kama zinauzwa pamoja na nyundo. Siku hiyo hiyo Mokami akaenda dukani kwa Lilian, ambaye hakuwa wa ukoo wao na sheria haikumhusu. Lakini hata Lilian aliangalia kushoto na kulia kabla ya kutoa kopo la bluu chini ya kaunta.

"La mgonjwa?" Lilian aliuliza kwa sauti ya chini.

"La mgonjwa," Mokami alijibu, akalifunga kwenye khanga.

Tangu hapo kopo likakaa kwenye gunia la unga, na Mokami akawa mhalifu kila alfajiri. Chapati mbili za Nchagwa zilitoka kwenye donge lilelile na za wateja, angefanyaje? Kila asubuhi alimwekea sahani, akageuka upande wa jiko ili asimwone usoni. Nchagwa aliikunja chapati, akaichovya kwenye chai, akala. Asubuhi moja alifuta mdomo akasema, "Mafuta yetu haya ni mazuri. Usiyabadilishe."

Mokami alimwonea huruma. Mzee wa watu, alijisemea, hajui hata anachokula.

Huku nje marufuku ilikuwa ikitembea. Sylvester alipita jiko kwa jiko na daftari lake, akinusa sabuni. Siku ya tano aligundua kwamba tairi la nyuma la baiskeli yake mwenyewe limetoka ng'ambo. Mtu mwingine angenyamaza. Yeye alijiandikia onyo, akaanza kuikokota baiskeli kwa mkono, amelinyanyua lile tairi la nyuma lisiguse barabara, na lile la mbele, lisilo na kosa, linazunguka kwa raha zake. Watu walimpa njia kwa heshima na kucheka akishapita.

Jumanne ya wiki ya harusi, Mokami akiwa anakanda unga uani, bodaboda ilisimama getini. Alishuka Nashoni. Huyu ni mtoto wa baba mdogo wa Nchagwa, damu moja kabisa, ila mpaka ulipochorwa zamani boma la babu yao lilibaki huku na malisho yakabaki kule, na baba yake Nashoni akayafuata malisho. Alikuwa amejaa vumbi mpaka kope, mkononi ana mfuko mtupu.

"Karibu, shemeji," Mokami alisema.

"Nimekaribia, shemeji. Yuko wapi huyo waziri wenu wa mambo ya nje?"

Nchagwa akatoka ndani. Nashoni hakungoja kiti.

"Mura, ndugu yangu, umetuua."

"Nani amekufa?"

"Sisi! Ritongo imekataza ukoo mzima vitu vya ng'ambo. Sisi ni ukoo au si ukoo?"

"Ni ukoo. Hilo ni la kuuliza?"

"Tunaishi wapi?"

Mokami akaacha kukanda. Ee Mungu, hawakuwafikiria! Baraza zima, na ndevu zake zote, lilisahau kwamba nusu ya ukoo iko ng'ambo, na kwamba ritongo ikisema haiulizi mtu kitambulisho.

"Wiki ya tatu hii," Nashoni aliendelea, "watu wazima kule hatuli unga wa kwetu, hatunywi chai ya kwetu, hatuogi sabuni ya kwetu. Nafunga safari mpaka Sirari kununua chumvi! Majirani wanatuita wapelelezi. Mke wangu amehamia kwa dada yake, anasema yeye aliolewa na mwanamume, hakuolewa na ubalozi."

"Si mngekula tu kimya kimya?" Nchagwa alisema, sauti imeshuka.

Nashoni alimtazama kama aliyetukanwa. "Baraza liseme, halafu mimi nile kimya kimya? Wewe ungefanya hivyo?"

Mokami alitazama unga wake. Nchagwa alitazama viatu vyake.

"Na si hilo tu," Nashoni alisema, sasa kwa upole, akakaa. "Mkweo Mzee Tomaso, baba yake Gidion, amesikia habari ya hotipoti. Hana ugomvi. Anasema kama hamuwezi kula kwake, basi harusi isubiri mpaka serikali zipatane."

"Zitapatana lini?" Mokami aliuliza.

"Shemeji, mimi nauza mbuzi."

Kezia alikuwa amesimama mlangoni, na yote alikuwa ameyasikia. Alimsalimia baba yake mdogo shikamoo, vizuri, kwa magoti. Kisha akaingia ndani, akalishusha gauni la harusi lililokuwa limening'inia kwenye msumari tangu Ijumaa, akalilaza kitandani, akaanza kulikunja, mkono kwa mkono, taratibu, kama nguo ya mtu mwingine. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Mokami alimwona Nchagwa akiangalia kupitia mlango ule. Kisha mzee akatoka akaenda zizini kwa fahali wake, Waziri.

Waziri hakuwa wa mahari. Alizaliwa hapohapo Nkende, mweusi, bega pana, na Nchagwa alimlea kwa mkono mama yake alipokufa. Alikuwa akimsimulia habari za redio. Jioni hiyo alikaa naye muda mrefu, lakini hakumwambia kitu.

Baraza likaitishwa Alhamisi, kwa ombi la Nashoni. Mokami alikuwa na siku moja ya kuwaza, na akaiwaza yote. Akisema ukweli wa kopo, mumewe atachekwa mpaka kaburini: mwenyekiti wa marufuku aliyelishwa marufuku jikoni kwake. Asiposema, sheria itasimama, na lile gauni litabaki kwenye begi. Alipofika mwisho wa kuwaza alichukua kopo la bluu, akalifunga kwenye khanga, akalibeba kwapani kwenda barazani. Mume akichekwa atapona. Binti akivunjiwa nyumba atapona lini?

Uwanjani watu walijaa. Nashoni alitoa malalamiko yake, wa ng'ambo waliokuja naye wakaunga mkono, vijana wa huku wakapiga kelele kwamba tusilegee. Mzee mmoja akauliza kama kuna yeyote aliyevunja sheria mpaka sasa. Sylvester alifungua daftari, akasema hakuna hata mmoja, isipokuwa tairi.

"Basi inafanya kazi," mzee yule akasema. "Sheria ambayo haijamshinda mtu tunaifutia nini?"

Vichwa vilitikiswa kwamba isifutwe. Mambo yalikuwa yanaelekea kubaya. Nchagwa, ambaye kwa kawaida huongea mpaka apewe maji, alikuwa kimya kwenye kiti chake. Mokami akasimama katikati ya wanawake, khanga kwapani.

"Wazee," alisema, "nina neno."

"Keti, mama Kezia," Nchagwa alisema. "Hilo neno ni langu."

Alisimama akavua kofia. Bila kofia alionekana mzee zaidi.

"Nimekula," alisema.

"Umekula nini?" Sylvester aliuliza, kalamu juu.

"Chapati. Mbili kila asubuhi. Zimepikwa na mafuta ya ng'ambo, ya kopo la bluu."

Uwanja ukapiga yowe. Mokami alikaa chini bila kuchagua pa kukaa, akamkalia jirani yake.

"Ulijuaje ni ya ng'ambo?" Sylvester aliuliza, maana lazima iandikwe.

"Miaka ishirini na tisa nakula chapati za mwanamke yule. Siku mbili za kwanza za sheria zilinivunjikia mkononi. Siku ya tatu ikakunjika. Ninyi mnaniona mimi mjinga kiasi gani?"

Watu wakacheka, lakini kijana mmoja mkali akapaza sauti kutoka nyuma. "Na aliyeyanunua ni nani? Sheria inasema asinunue!"

"Mwenye mji ule ni nani?" Nchagwa alimgeukia. "Ni mimi. Kilichoingia kwangu nimekinunua mimi. Andika hapo, mwalimu. Nchagwa alinunua, Nchagwa alikula, tena alishiba. Na uandike hili pia: Nashoni na watu wake, kule kwenye vitu vyenyewe, wameshika sheria yangu wiki tatu kwa njaa. Mimi niliyeitunga nilishika siku mbili."

Hapo hakucheka mtu. Mokami alikuwa amelibana kopo kifuani, na macho yalikuwa yamejaa machozi. Zaidi ya wiki mbili alidhani anamficha. Kumbe alikuwa anafichwa yeye.

Nashoni ndiye aliyefuata. Alianza kwa kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akainama mpaka kofia ikaanguka. "Wazee, sheria imemshinda mwenyewe aliyeizaa. Sisi inatushikia nini?"

Yule mzee aliyeuliza swali la kwanza alitazama wenzake, akatikisa kichwa, na safari hii ilikuwa kukubali. Marufuku ikafutwa palepale. Sylvester aliipigia mistari miwili, wa pili kwa rula. Akaangalia juu.

"Na fahali?"

"Waziri," Nchagwa alisema.

Watu wote wakageuka kumtazama, maana Waziri alijulikana. Mtu mmoja alinong'ona kwamba labda beberu angetosha. Nchagwa akakataa. Alisema hakutaka kuwa mtu wa kutunga sheria ya kuwabana wengine tu.

"Fahali ni wa baraza," Nashoni alisema. "Na baraza, kama tulivyoona, liko pande mbili. Naomba aliwe kule, Jumamosi, nyumbani kwa Mzee Tomaso."

Ijumaa Waziri akavuka mpaka kupitia shamba la Nashoni, Nchagwa amemshika kamba mwenyewe. Alikataa kusaidiwa.

Na Jumamosi Mokami alikaa kwenye mkeka wa wanawake, nyumbani kwa wakwe, akaona bakuli likiwekwa. Ugali wa udaga, ule unga wa muhogo, na mtama, moto, mweusi kama unavyotakiwa, na nyama na kichuri chake, ule mchuzi mchungu wa utumbo, pembeni. Mzee Tomaso alinawa. Nchagwa alinawa. Watu wote walikuwa wakimwangalia, na Kezia, ndani ya gauni lenye alama za mikunjo, alikuwa ameshika mkono wa Gidion kwa nguvu.

"Unga ni wa ng'ambo huu, mkwe," Mzee Tomaso alisema. "Nisije nikakudanganya."

"Sogeza bakuli," Nchagwa alisema.

Alikula tonge la kwanza. Kezia akapumua, na Mokami akagundua kwamba hata yeye alikuwa amesahau kupumua. Nyama ilipofika mkononi mwa Nchagwa alisita kidogo, akaiangalia, akala.

"Na ile kura?" Tomaso aliuliza, wakiwa wamefika nusu ya bakuli.

"Bado inaniuma."

"Ningeulizwa mimi, ningempigia mtu wenu."

"Najua," Nchagwa alisema. "Sogeza kichuri."

Jumatatu asubuhi kopo la bluu lilikuwa mezani, wazi, mbele ya watu na malaika. Mokami alipika za wateja, kisha za nyumbani. Nchagwa alikaa. Zizini hakukuwa na wa kusimuliwa habari, na redio ilikuwa bado imezimwa.

"Mbona hukuniambia kwamba unajua?" Mokami alimuuliza, sasa amegeuka, anamtazama usoni.

"Ningekuambia ungeogopa, ukarudia zile chapati za nyundo." Alikunja chapati yake. "Na ningelazimika kukukataza. Mimi ndiye mwenyekiti."

Mokami alitaka kumjibu, akaona sahani. Alikuwa ameweka chapati tatu. Ya tatu ilikuwa ya Kezia, ambaye kila asubuhi kabla ya kuolewa aliila amesimama, kiatu kimoja mguuni, akikimbilia kazini. Mkono wa Mokami ulikuwa umeipika wenyewe, kwa mazoea. Alinyoosha mkono aiondoe, lakini Nchagwa aliiwahi. Aliikata katikati, haikuvunjika, akamsogezea mkewe nusu.